Utupa Hutaka Mkono Wenye Kiasi

Kinkondja husifiwa kwa samaki, na sifa hiyo ni haki yake. Mji umekaa kando ya Ziwa Kisale, kwenye bonde la Upemba nchini Kongo, pale ambapo mto Lualaba unaacha haraka zake, unajigawa kwenye maziwa, vinamasi na mafunjo, kisha unajikusanya tena kuelekea Kabalo na Kongolo. Tangu reli ilipofika Bukama mwaka 1918, samaki wa maziwa haya wamekuwa wakipandishwa treni kwenda kulisha miji ya migodi ya Katanga. Mpaka leo, bukari, yaani ugali, ikitengwa Likasi au Lubumbashi na samaki wa moshi pembeni, huenda mtu wa Kisale ana mkono wake humo. Makaburi ya Sanga, ufukweni mwa ziwa hilohilo, yalipofukuliwa mwaka 1957 na 1958 yalitoa vyungu, vyuma na mapambo ya shaba ya watu walioishi kando ya maji haya yapata miaka elfu moja iliyopita. Watu hawadumu mahali pamoja muda wote huo kwa bahati. Wanadumu kwa sababu wanaijua kazi.

Mvuvi, basi, ameshasifiwa vya kutosha, na atasifiwa tena. Mimi nataka kumsifu fundi asiye na mtumbwi wala wavu, ambaye kazi yake iko juu kidogo ya ziwa, kwenye udongo usiofikiwa na mafuriko: mkulima, mara nyingi mwanamke, anayepanda utupa na kujua la kuufanyia.

Wataalamu wa mimea huuita Tephrosia vogelii, kwa kumbukumbu ya Theodor Vogel, Mjerumani aliyeandamana na msafara wa Waingereza kwenye mto Niger mwaka 1841 na kufa mwaka huohuo kisiwani Fernando Po. Waganda huuita muluku, Wabemba wa ng'ambo ya mpaka wa Zambia huuita ububa. Ni kichaka kinachomzidi mtu kimo kikipata udongo mzuri, na umri wake ni mfupi, miaka miwili au mitatu. Ukikisogelea, jambo la kwanza utakaloliona ni malaika. Mmea mzima umeota vinyweleo laini kama mkono wa mtoto: shina, vikonyo, mgongo wa majani, hata maganda ya mbegu. Vijani vyake vimepangwa viwili viwili kwenye ubavu wa kikonyo kimoja, na kimoja kimekaa peke yake nchani. Maua husimama kwenye ncha za matawi, makubwa, meupe au ya zambarau, yenye umbo la ua la kunde, maana utupa ni wa ukoo wa kunde na maharagwe. Mgeni akiupita njiani atadhani umepandwa kwa ajili ya kupamba ua wa nyumba.

Mwenyeji hadanganyiki na maua. Anajua kwamba ndani ya majani yale imo sumu ya samaki.

Zamani, katika nchi nyingi za Afrika ya kati, kuvua kwa utupa hakukuwa kazi ya mtu mmoja anayevizia usiku. Kiangazi kikikolea, vijito vilikatika, yakabaki madimbwi ambayo kila mtu aliona kwamba hayatafika mvua nyingine. Siku ilipangwa, wenye mamlaka juu ya maji wakatoa ruhusa, majani yakapondwa kwenye vinu, kisha wanaume, wanawake na watoto wakaingia na vikapu. Samaki walipanda juu wakihema, wakaokotwa. Dimbwi lilikuwa limeshahukumiwa na jua. Utupa uliwahi tu kuchukua kile ambacho tope na ndege wangekichukua. Huo ulikuwa ufundi wenye mipaka: msimu wake, mahali pake, idhini yake. Asiyefuata mipaka hiyo hakuitwa fundi.

Sayansi ilikuja baadaye kueleza kilichokuwa kikitokea. Mfaransa Emmanuel Geoffroy, aliyekuwa akichunguza mmea mwingine wa kuvulia samaki huko Guyana ya Wafaransa, alitoa ndani yake unga mweupe, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1895. Mwaka 1902, Mjapani Nagai Nagayoshi alipata kitu hichohicho kutoka mmea wa Asia, akakiita rotenone. Utupa wetu unayo rotenone na ndugu zake kadhaa. Wengi hudhani sumu hii humaliza hewa iliyomo majini. Sivyo. Inapita kwenye matamvua ya samaki, inaingia kwenye damu, kisha inakwenda kuzuia kazi ndani ya chembe hai, pale oksijeni inapogeuzwa kuwa nguvu. Samaki anayo hewa, ila hana tena uwezo wa kuitumia. Mdudu anayekula jani lililopakwa utupa hufikwa na yaleyale. Mtu na ng'ombe huvumilia zaidi, kwa kuwa tumbo hunyonya kidogo na ini huivunja, na jua nalo huiharibu kwa siku chache. Idara za uvuvi za Marekani hutumia rotenone mpaka sasa kuondoa samaki wageni kwenye maziwa, ila hufanya hivyo kwa vibali na vipimo.

Kibali na kipimo ndivyo vinavyokosekana mtu anapotia utupa kwenye maji yaliyo hai. Ziwa Kisale si dimbwi la kiangazi. Kingo zake za mafunjo ndizo chumba cha uzazi cha samaki wake. Humo ndimo mayai hutagwa na vifaranga hujificha mpaka wapate mwili. Sumu ikimwagwa humo haimchagui mkubwa wa kuuza na kumwacha mdogo wa mwaka kesho. Inachukua wote, na walio wengi wanazama au kuoza bila kuokotwa. Uvuvi wa Kisale tayari unaumia kwa nyavu za macho madogo na kwa vyandarua vya mbu vilivyogeuzwa kuwa kokoro. Kuongeza sumu juu ya hayo ni kuuza mbegu ya shamba ukiita mavuno. Sheria inakataza uvuvi wa sumu nchini Kongo, kama inavyokataza Tanzania katika Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na mvuvi mwenye busara alikuwa akiukataza hata kabla ya karatasi hizo.

Kwa sababu hiyo wengine wangependa utupa ung'olewe kabisa. Hapo ndipo ninapokataa, na hapo ndipo sifa za fundi wangu zinapoanza. Kosa si la kichaka. Utupa ukibaki shambani una kazi kadhaa zenye faida kwa mkulima.

Chukua udongo kwanza. Shamba la muhogo na mahindi likilimwa mfululizo huchoka, na mfuko wa mbolea ya dukani, ukifika Kinkondja kwa barabara mbovu au kwa mashua, huwa umepanda bei kuliko mahindi yatakayotokana nao. Mizizi ya utupa ina vinundu vyenye bakteria wanaokamata nitrojeni kutoka hewani na kuiweka katika mmea. Wakulima wa mashariki mwa Zambia, kandokando ya Chipata, walifanya majaribio ya kupumzisha mashamba kwa vichaka vya jamii hii pamoja na watafiti wa kilimo mseto. Shamba lililopumzishwa kwa utupa miaka miwili, majani na matawi yakakatwa na kuchanganywa na udongo, lilitoa mahindi mara mbili au zaidi ya shamba lililolimwa mfululizo bila mbolea. Tena utupa una rehema moja ambayo si vichaka vyote vya kazi hiyo vinayo: hauhitaji kitalu. Mbegu inakwenda shambani moja kwa moja.

Lakini inakwenda kwa mkono unaojua. Mbegu ya utupa ina ganda gumu, hivyo hulowekwa usiku kucha kabla ya kupandwa. Hupandwa mvua za Oktoba na Novemba zikishashika, mbegu mbili au tatu kwa shimo, na kati ya shimo na shimo hatua moja ya mtu mzima. Mwezi wa kwanza na wa pili mche huenda polepole, na magugu yanaweza kuumeza, kwa hiyo palizi haingoji. Baada ya hapo mmea hujitegemea na kuyafunika magugu wenyewe. Mbuzi na ng'ombe huupita bila hamu, jambo ambalo ni neema kwa mwenye shamba lisilo na uzio. Kitu kimoja utupa hauvumilii: maji yaliyotuama. Ukiupanda kwenye bonde linalofurika Lualaba ikijaa, majani hugeuka manjano na mizizi huoza. Fundi hupanda mwinukoni, kwenye udongo unaopitisha maji. Hili nimelitafakari sana. Kichaka kinachotafutwa kwa ajili ya maji hakitaki kabisa kusimama majini.

Fundi anajua pia ni nini kisichofuata utupa. Mizizi yake huhifadhi minyoo fundo, wale wasioonekana kwa macho wanaovimbisha mizizi ya mimea. Mahindi hayasumbuki sana nao. Nyanya na tumbaku huangamia. Anayeng'oa utupa na kuweka nyanya mahali palepale atavuna hasira, kisha atakilaumu kichaka.

Kazi ya pili ni dawa ya wadudu, na hapa ufundi unaonekana kwa macho. Majani hukatwa kabla jua halijawa kali, yakapondwa kwenye kinu cha zamani ambacho hakirudi tena jikoni. Mchi ukishuka harufu kali ya ubichi hupanda, na mpondaji hugeuza uso pembeni. Kilo moja ya majani hutiwa katika lita kumi hivi za maji. Kisha huja jambo dogo ambalo mwanafunzi hulipuuza: kipande cha sabuni ya kufulia. Rotenone haipendi kuyeyuka kwenye maji matupu. Sabuni huivuta itoke kwenye jani na kuifanya igande juu ya mmea badala ya kuteleza. Ndoo hufunikwa na kuachwa usiku kucha, maana mwanga ni adui wa dawa hii. Kesho yake maji huchujwa kwa kitambaa, mara mbili, kwa kuwa punje moja ya jani inatosha kuziba mdomo wa bomba la kunyunyizia. Asiye na bomba hutumia mfagio wa majani. Unyunyizaji hungoja jioni: jua limelala, nyuki wamerudi mizingani, na dawa ina usiku mzima wa kufanya kazi.

Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao walichapisha matokeo ya majaribio ya kunyunyizia maharagwe dawa za mimea inayoota kandokando ya mashamba kaskazini mwa Tanzania, utupa ukiwa mmojawapo. Mavuno yalikaribiana na yale ya dawa ya kiwandani, na viumbe rafiki, kama buibui na wadudu kibibi wanaokula vidukari, walinusurika zaidi. Mkulima hakuhitaji kununua kitu zaidi ya sabuni. Gharama yake kubwa ilikuwa jasho. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia Afrika mwaka 2016 na kuanza kutafuna mahindi kutoka Nigeria hadi Katanga, maarifa ya namna hii hayawezi tena kuitwa ya kizamani.

Kazi ya tatu iko ghalani. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini hawakumtaja fukusi. Gunia la maharagwe lililowekwa bila kinga linaweza kuwa unga na matundu kabla ya mvua mpya. Hapa majani hayalowekwi. Hukaushwa kivulini, kamwe si juani, yakasagwa yakawa unga, na unga ukachanganywa na maharagwe makavu. Yale ya kula husafishwa na kuoshwa vizuri kabla ya kupikwa. Yale ya mbegu hubaki na unga wake mpaka siku ya kupanda. Zipo kazi nyingine pia. Wafugaji wa sehemu mbalimbali huosha mifugo kwa maji ya utupa kuondoa kupe. Waganda huupanda kuzunguka shamba wakiamini kwamba fuko huchukia mizizi yake. Mti ukizeeka, shina hukatwa kuni.

Sasa niseme lile linaloutenganisha ufundi na mazoea. Si kila utupa ni utupa. Mwaka 2012 kundi la watafiti lililoongozwa na Philip Stevenson lilichapisha uchunguzi wa mimea iliyokusanywa Malawi. Waligundua kwamba vichaka vinavyofanana kabisa kwa sura viko vya aina mbili ndani. Aina moja ina rotenone na ndugu zake, nayo huua wadudu. Aina nyingine haina, na dawa yake ni sawa na maji ya kuoshea vyombo. Zote mbili hurutubisha udongo vilevile. Mtu anaweza kupanda, kuponda, kuloweka na kunyunyiza kwa bidii yote, wadudu wakaendelea kula, naye akatangaza kwamba dawa za mababu ni uongo, kumbe alichukua mbegu kwenye kichaka kisicho na kitu.

Fundi hana maabara. Ana kumbukumbu na subira. Anajua kichaka kipi kiliwaangusha wadudu mwaka jana, na ndicho anachokiwekea alama. Hujaribu kwanza kwenye mistari miwili ya kunde kabla ya kuliamini shamba zima. Maganda yakianza kugeuka kahawia anayachuma bila kuchelewa, kwa sababu utupa haungoji: ganda likikauka sawasawa hupasuka lenyewe, pande zake mbili zikajisokota, mbegu zikarukia mbali. Huyatandaza juu ya mkeka na kuyafunika kwa kitenge ili yapasukie chini yake. Mchana kutwa utasikia tak, tak, chini ya kitambaa. Jioni akifunua, mbegu nyeusi zimelala zimejitenga na maganda, naye huzichagua, za kichaka kizuri zikafungwa peke yake. Huo uchaguzi, ukirudiwa msimu baada ya msimu, ndio unaofanya shamba moja liwe na dawa na jirani yake liwe na vichaka tu. Kampuni za mbegu huita kazi hiyo uboreshaji wa mbegu na kulipia wataalamu. Kijijini inafanywa juu ya mkeka, na hakuna anayeipa jina.

Naogopa mambo mawili katika kusifu dawa za asili. La kwanza ni watu kudhani kwamba kilichoota hakiwezi kudhuru. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba panya waliotiwa rotenone mwilini kwa muda mrefu walipata madhara ya ubongo yanayofanana na ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 2011 uchunguzi mwingine ukahusisha kuitumia rotenone na ugonjwa huo kwa wakulima. Hiyo ilikuwa rotenone iliyokolezwa, si majani ya kinuni, lakini onyo limefika. Anayesaga majani makavu afunge kitambaa puani na mdomoni na asimame upande upepo unakotoka. Anawe mikono. Kinu, ndoo na kitambaa viwe vya kazi hiyo pekee, na watoto wakae mbali. Maji ya sabuni na mabaki yasimwagwe mtoni wala karibu na bwawa la samaki. Yafukiwe shambani, ambako udongo na jua vitayamaliza.

La pili ni hilo la ziwa, nami narudi kwake kwa makusudi. Mamlaka za mkoa wa Haut-Lomami hufunga uvuvi kwa muda ili samaki watage. Kufunga huko kunakuwa maneno tu iwapo mtu mmoja, kwa ndoo moja ya majani, anaweza kusafisha kijito kizima usiku mmoja. Hakuna askari wa kutosha kulinda mafunjo yote ya Kisale. Wanaoweza kuyalinda ni wale wanaomiliki vichaka vyenyewe. Mwenye utupa shambani ndiye anayejua nani amekuja kuomba majani, na kwa ajili gani. Akikataa kumpa mvuvi wa sumu, amefanya kazi ambayo doria haiwezi. Mama anayehifadhi maharagwe yake kwa utupa ana sababu ya kuyabana majani yake: ana kazi nayo. Kichaka chenye thamani nchi kavu hakimwagwi ovyo majini.

Kwa hiyo siombi utupa upigwe marufuku, wala siombi usifiwe bila masharti. Nawaomba maafisa wa kilimo wa Kamina na Bukama, na walimu wa shule za vijijini, waufundishe wazi: jinsi ya kuupanda, kuuchagua, kuuloweka, kujikinga nao, na mahali ambapo hautakiwi kufika. Nawaomba akina mama wanaoshika mbegu nzuri wazigawe kwa majirani wanaolima, wakitoa na masharti yake. Na wewe msomaji mwenye shamba mwinukoni, panda mistari michache mvua zikianza, weka alama kwenye kichaka kitakachofanya kazi, tunza mbegu zake. Mtu akikuomba majani apeleke ziwani, mnyime.